Dagaa Aliyemshinda Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Mmekula?

Tumekula!

Mmekula nini?

Tulichopewa!

Na ndani yake mlikuwa na nini?

Hatujui!

Nilijua tu mtajibu hivyo. Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye tumbo linalonguruma alishike, maana hadithi ya leo ni ya chakula na sitaki mtu anikatize akiomba kuonja.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na gulio lao kando ya ziwa, aliishi Kuchakuro. Mnamjua Kuchakuro: mkia mrefu, meno mbele, macho hayatulii. Ukoo wake wote ni wala karanga. Baba yake alikula karanga, mama yake alikula karanga, na bibi yake alizikwa na karanga shavuni. Yeye peke yake hakuweza. Akila karanga moja, punje moja tu, mdomo unavimba. Mdomo ukishavimba, macho yanavimba. Macho yakishavimba, koo linavimba, na pumzi inatoka kwa kupiga filimbi: fiii, fiii, fiii! Kuchakuro asiyekula karanga! Majirani walicheka mpaka mbavu zikawauma, kisha wakazoea.

Kilichomweka hai ni kishada. Wanyama wale hawakujua kusoma wala kuandika, na hawakuona haya, ila walikuwa na desturi yao. Kila chakula cha gulioni kilifungwa kwa jani la mgomba, jani likafungwa kwa kamba, na kwenye kamba mpishi akaning'iniza kishada, yaani kipande kidogo cha kila kitu kilichoingia chunguni. Umetia nazi? Ning'iniza kipande cha kifuu. Umetia karanga? Ning'iniza ganda. Umetia dagaa? Ning'iniza kichwa. Kilicho kingi kilikaa karibu na fundo, kilicho kichache kilikaa mwisho wa kamba. Na kama hukutia karanga lakini umepikia sufuria iliyokuwa na karanga, ulining'iniza nusu ganda. Nusu maana yake "huenda". Siri ya mtungi aijuaye kata, na kishada ndicho kilichokuwa kata ya wanyama wale.

Basi Kuchakuro alikuwa akipita gulioni anashika kamba, anatazama. Akiona ganda, anaruka kando. Akiona nusu ganda, anaruka kando vilevile. Asipoona kitu, ananunua, anakula, anashiba, anarudi mtini kwake. Hakutaka zaidi ya hapo.

Mwenye gulio alikuwa Kiboko. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu kinu kilikuwa kimoja, na mchi wake ulikuwa mzito, na hakuna mwingine aliyeweza kuuinua. Mwenye nguvu mpishe. Kila mnyama aliyetaka kutwangiwa alimpelekea yeye. Pu! Pu! Pu! Kiboko anatwanga mtama. Pu! Pu! Pu! Kiboko anatwanga karanga. Pu! Pu! Pu! Kiboko anatwanga majani ya kisamvu. Akimaliza anasema, "Nusu yangu, nusu yako," kisha anakupa robo. Kinu chenyewe hakukiosha hata siku moja. Alikuwa anatwanga kila kitu isipokuwa dagaa. Dagaa, alisema, wananuka. Kiboko huyo huyo, ambaye mnajua anavyoutumia mkia wake akienda haja, alisema dagaa wananuka! Wauza dagaa akawaweka huko mwisho kabisa wa gulio, upande ambao upepo unakwenda.

Mgongoni mwake alikaa Yangeyange, ndege mweupe mwenye shingo ndefu, mpambe wake. Kiboko akisema neno, Yangeyange anapaza sauti, "Amesema Mzee!" Kazi yake nyingine ilikuwa kuonja. Chakula cha Kiboko hakikumfikia Kiboko kabla Yangeyange hajakinusa na kukidonoa. Wanyama waliambiwa ni heshima ya mkubwa, nao wakakubali, kwa sababu mkubwa akifanya jambo la ajabu watu husema ni heshima.

Sasa ulafi haushibi. Kiboko akaona nusu haimtoshi, akatengeneza unga. Akauita Unga wa Lishe. "Unaleta nguvu, unaleta afya, unaleta akili!" akanadi. "Amesema Mzee!" akaitikia Yangeyange. Wanyama wakapanga foleni.

Mbele ya foleni alikuwa Kanga mpishi, ndege mwoga lakini mkweli, ambaye kisamvu chake hakikuwa na mfano gulio zima. Kanga akakishika kifurushi cha unga, akageuza kamba huku na huku.

"Shikamoo Mzee Kiboko."

"Marahaba. Chukua, wenzako wanasubiri."

"Samahani Mzee. Mbona kwenye kishada pumba zimekaa karibu na fundo, zikafuata pumba, zikafuata pumba nyingine, na mtama uko huku mwisho, punje moja?"

Wa nyuma wakarefusha shingo, wa mbele wakaanza kutazama kamba zao. Kiboko akatazama kishada, akatazama foleni, akakasirika.

"Kishada hiki ni kichochezi!" akanguruma. "Kinagombanisha mpishi na mlaji. Kuanzia leo, vishada marufuku! Kamba ni za kufungia, si za kuuliza maswali. Chakula ni chakula. Anayekiogopa asile!"

"Amesema Mzee!"

Na hivyo ndivyo vishada vilivyokatwa vyote, vikatupwa ziwani: chubwi, chubwi, chubwi.

Siku hiyo hiyo Kuchakuro akashikwa na njaa. Ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali, huko porini hapakuwa na tunda wala mbegu, chakula kilikuwa gulioni tu. Akamwendea Kanga.

"Mdogo wangu, kisamvu chako kina karanga?"

"Hakina, dada. Nimetia nazi tupu."

"Kweli?"

"Naapa kwa madoa yangu."

Kanga hakusema uongo. Kuchakuro akafungua jani, akala tonge la kwanza, akala la pili. Mdomo ukavimba. Mdomo ulipovimba, macho yakavimba. Macho yalipovimba, koo likavimba, na pumzi ikaanza: fiii, fiii, fiii! Akaanguka chali. Kanga akampepea kwa mabawa yote mawili huku analia, "Dada usife! Sikutia! Sikutia!" Akampepea mpaka jua likapinda, ndipo pumzi ikarudi.

"Ni kinu," Kuchakuro akasema, mdomo bado mzito. "Kisamvu chako kilitwangwa baada ya karanga. Zamani ungening'iniza nusu ganda."

"Ningening'iniza, dada. Kwani mimi nimekataa?"

Kuchakuro akaenda kwa Kiboko vilevile alivyovimba, akamkuta ndani ya maji, pua tu ndiyo iko juu.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Umenenepa au umevimba?"

"Nimevimba, Mzee. Ni karanga. Naomba vishada virudi."

Kiboko akacheka, maji yakamwagika nchi kavu. "Ho! Ho! Ho! Kuchakuro anaogopa karanga! Yangeyange, umesikia?"

"Nimesikia, Mzee! Hi hi hi!"

"Nitazame mimi. Nakula asubuhi, nakula mchana, nakula jioni. Umewahi kunisikia nauliza ndani mna nini? Huo mzio wako ni deko tu, mlidekezwa mkiwa wadogo. Chakula ni chakula."

"Mzee, nikila nitakufa."

"Basi usile."

"Nisipokula pia nitakufa."

"Hilo," akasema Kiboko akizama, "ni lako na tumbo lako." Chubwi!

Kuchakuro akarudi mtini akalia. Sitawaficha, alilia sana, kwa uchungu na kwa njaa, na zaidi kwa kuchekwa. Kuumwa ni jambo moja, kuambiwa unajidekeza wakati umevimba ni jambo jingine kabisa. Alipomaliza kulia akabaki na hasira, na hasira ya mdogo haina pa kwenda isipokuwa kichwani. Akakaa juu ya tawi linaloangalia gulio, akawa anatazama.

Akatazama mlo wa Kiboko wa asubuhi. Yangeyange akanusa mihogo: fwi, fwi, fwi. Akadonoa. "Salama, Mzee!" Kiboko akala. Akanusa maboga: fwi, fwi, fwi. "Salama, Mzee!" Kiboko akala. Akanusa magimbi ya kukaanga: fwi, fwi, fwi. Akashtuka, akayasukuma kwa mguu mpaka yakaanguka kichakani. Kuchakuro akashuka, akayanusa. Magimbi yalikaangwa kwa mafuta yaliyotangulia kukaangia dagaa.

Mlo wa mchana vivyo hivyo. Ugali salama, maharage salama, mchicha ukasukumwa kichakani. Kuchakuro akaufungua mchicha akakuta ndani yake mkia wa dagaa mdogo kama kipande cha uzi.

Kuchakuro akakaa chini. Akawaza wauza dagaa walivyowekwa upande unaokwenda upepo. Akawaza kinu kinavyotwanga kila kitu isipokuwa dagaa. Akawaza ngozi ya Kiboko, vile ilivyokuwa na mabaka mekundu siku korongo wavuvi walipopita karibu yake na makapu ya dagaa.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe na wewe unavimba!"

Mwenye ugonjwa humtambua mwenzake, wenzangu, hata akijifunika gubigubi. Kiboko alizaliwa majini, akakulia majini, kila akigeuka anagongana na dagaa, na dagaa mmoja alitosha kumvimbisha. Angekuwa mnyama wa kawaida angesema. Lakini yeye alikuwa mwenye kinu, na mwenye kinu hapendi isikike kwamba anaangushwa na samaki wa urefu wa kidole. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Vishada vya wote alivikata, akabakiza kimoja chenye mabawa, kimekaa mgongoni kwake.

Ikafika karamu ya mwaka, ya kukisifu kinu. Desturi ya karamu ile ilikuwa hivi: kila nyumba inaleta kifurushi, vinarundikwa pamoja, na hakuna anayenyoosha mkono kabla mwenye karamu hajala tonge la kwanza. Mwaka wa kawaida Kiboko alikula tonge la kwanza, akala na la mwisho, wageni wakaenda nyumbani na harufu. Lakini kuja walikuja, kwa sababu kutokuja kulikuwa na ubaya wake.

Kuchakuro akajitolea kupanga vifurushi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, hakuna aliyekataa. Vifurushi vyote majani ya mgomba, vyote kamba tupu, vyote sura moja. Kile cha juu kabisa alikifunga yeye mwenyewe, na ndani alitia pilipili kavu iliyosagwa laini.

Wanyama wakakaa. Kiboko akakaa. Yangeyange akashuka mgongoni kwa maringo, akatia pua kwenye kifurushi cha juu.

Fwi, fwi, f... Chya! Chya! Chya!

Akapiga chafya mpaka manyoya yakasimama. Akajaribu cha pili, hakusikia harufu. Akajaribu cha tatu, kama ananusa jiwe. Pua imekufa. Sasa mpambe akikosa pua anabaki na nini? Akaogopa kusema. "Thalaba, Bzee!" akaita. "Vyote thalaba!"

Kiboko akafungua kinywa, na kinywa cha Kiboko kikifunguka mnakijua. Akachukua kifurushi cha pembeni.

"Ole wangu!" Kuchakuro akapiga kelele, mikono kichwani. "Jamani nisameheni! Nimekumbuka sasa hivi! Wakati napanga nilikuwa natafuna kichwa cha dagaa, kikaniponyoka. Kimeingia kwenye kifurushi kimojawapo, sijui kipi!"

Wanyama wakacheka. "Kichwa cha dagaa tu? Hicho si kitoweo!"

"Si kitu kweli," Kuchakuro akasema kwa unyenyekevu. "Ni kwamba nimeona aibu. Endelea, Mzee."

Kiboko akawa bado na kifurushi mkononi. Akakiinua karibu na pua yake: fwi, fwi, fwi. Pua ya Kiboko ni kubwa lakini haina elimu. Akakirudisha.

Akachukua cha pili. Fwi, fwi, fwi. Akakirudisha.

Akachukua cha tatu, akakifungua kidogo, akachungulia, jasho likamtoka nyuma ya masikio. Akakirudisha.

"Anza, Mzee!" wakaita wa nyuma. "Tule!"

"Naanza," Kiboko akasema. Hakuanza.

"Anza, Mzee! Watoto wana njaa!"

"Nimesema naanza!"

Akamtazama Yangeyange. Yangeyange akatazama miguu yake. Mbele ya Kiboko kulikuwa na mlima wa chakula, mihogo, vitumbua, ndizi za nazi, kisamvu cha Kanga, vyote vinatoa mvuke, na yeye tumbo linalia groo, groo, groo, na mkono haufiki. Ndani ya kifurushi chochote kati ya vile angeweza kuwemo yule adui yake mdogo, na hapakuwa na kitu cha kumwambia ni kipi. Mkuki kwa nguruwe.

Kuchakuro akasogea karibu, akasema kwa sauti ya upole ambayo kila mtu aliisikia, "Mzee, mbona huli? Chakula ni chakula."

Dagaa alikuwemo? Hakuwemo hata mkia. Kuchakuro aliniambia mwenyewe.

Kiboko akasimama. Akajikohoza. "Ndugu zangu," akasema, "nimekaa hapa nikitafakari. Nimewatazama wanyonge wangu, nikamtazama Kuchakuro anavyoteseka na karanga, moyo wangu ukaumia. Mimi binafsi nakula kila kitu, mnanijua. Lakini kwa huruma yangu nimeamua vishada virudi. Virudi leo. Virudi sasa hivi. Fungueni vifurushi vyenu mning'inize, haraka!"

"Abetheba Bzee!" Chya!

Wanyama wakapiga makofi. Wapishi wakafungua, wakapekua, wakaning'iniza, wakafunga, na kile cha pilipili Kuchakuro akakificha. Kanga akamwambia Kuchakuro pembeni, "Dada, kumbe Mzee ana huruma hivi!" Kuchakuro akasema, "Sana, mdogo wangu." Kiboko akapitisha macho kwenye vishada vyote, hakuona kichwa cha dagaa hata kimoja, akashusha pumzi, akala. Akala mihogo, akala vitumbua, akala ndizi, akala kisamvu, akala mpaka jani la mwisho. Wageni wakaenda nyumbani na harufu.

Kesho yake akamwita Kuchakuro ziwani.

"Unajua?" akamwuliza kwa kunong'ona.

"Najua nini, Mzee?"

"Hujui?"

"Sijui, Mzee."

"Vizuri. Kwa kuwa hujui, nakufanya mkuu wa vishada. Kifurushi kisitoke bila mkono wako. Ukague kila kitu, hasa vile vitu vya majini."

"Dagaa, Mzee?"

"Sikusema dagaa!"

"Hukusema, Mzee."

Mngedhani mambo yamekwisha. Kuchakuro sasa alikula kwa amani, na mashavu yakamrudia. Lakini Kiboko naye alikula kwa amani, na hapo ndipo balaa lilipokuwa. Zamani alikula kwa woga, kidogo kidogo, akimngoja Yangeyange. Sasa kamba inamwambia yote. Akishika kamba, asipoona kichwa, anameza. Akala nusu yake, akala nusu yenu. Ikifika adhuhuri gulio limebaki majani matupu yanapeperuka, na Kuchakuro, mkuu wa vishada, anarudi mtini hajatia kitu mdomoni. Alikuwa salama na njaa yake.

Akakaa tena juu ya tawi. Akawaza. Kisha akashuka, akaenda kwa wauza dagaa, akaomba vichwa. Akavikata nusu kwa nusu.

Asubuhi Kiboko akaja, akashika kamba ya vitumbua. Nusu kichwa cha dagaa kikamwangalia kwa jicho moja.

"Hiki ni nini?" Akarudi nyuma.

"Ni 'huenda', Mzee. Havina dagaa. Ila sufuria yake ilikaa jirani na sufuria ya dagaa, na mafuta huruka. Huenda."

Akashika kamba ya mihogo. Nusu kichwa.

"Na hii?"

"Aliyeimenya ana shemeji anayeuza dagaa, Mzee. Walisalimiana kwa mkono. Huenda."

Akashika kamba ya maembe. Nusu kichwa.

"Embe! Embe limetoka mtini!"

"Limetoka mtini, Mzee. Lakini mti umekunywa maji ya ziwa, na ziwani wamo nani?"

Kiboko akageuza shingo taratibu akalitazama ziwa alilolala usiku wote. Masikio yakaanza kumcheza. "Kuchakuro," akasema, "nimeanza kuwashwa."

"Pole sana, Mzee. Mzio hauna mkubwa wala mdogo."

"Nani amesema mzio?"

"Hakuna aliyesema, Mzee."

Kiboko akazunguka gulio zima kwa hatua nzito, kila kamba nusu kichwa, kila kamba jicho moja. Alitamani kutwaa tu na kumeza kama zamani, lakini ulimi uliogopa na koo liliogopa. Mwishowe akakaa chini katikati ya gulio, mnyama mzima vile, machozi yanamtiririka.

"Niambie basi, kipi hakina 'huenda'?"

Kuchakuro akajifanya anafikiri. Akakuna sikio. "Nyasi, Mzee."

"Nyasi?"

"Nyasi tupu. Hazitwangwi, hazikaangwi, hazifungwi. Ila usile za hapa ufukweni, dagaa huanikwa juu yake. Nenda za mbali. Na uende jua likishatua, wauza dagaa wakiwa wamelala, upepo usije ukakuletea unga wao."

Kiboko akamshika mkono, mkono wote wa Kuchakuro ukapotea ndani. "Umeniokoa maisha," akasema, na alimaanisha. "Asante, mwanangu. Asante."

Na ndiyo maana mpaka leo Kiboko anashinda majini katikati ya samaki, na jua likitua anapanda nchi kavu, anatembea mwendo mrefu, anakwenda kula nyasi. Mnamwona mnene mkadhani ameshiba. Gulioni watu wakala, watoto wakanenepa, na Kuchakuro akasifiwa kila kona.

Ngojeni, msianze kusimama. Sijafika.

Siku moja Kuchakuro akapita kwa Kanga. Mkuu wa vishada alikuwa na kawaida ya kupita. Akipita anaonja, akionja anachukua kimoja cha njiani, na wapishi hawakusema kitu kwa kuwa walimheshimu. Siku hiyo Kanga alikuwa amepika kisamvu cha nazi, na harufu yake ilikuwa inavuta mguu peke yake. Kuchakuro akashika kamba. Nusu ganda la karanga.

Akashika ya pili. Nusu ganda. Akashika ya tatu, ya nne, mpaka akafika mwisho wa meza.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "kinu si kinaoshwa siku hizi?"

"Kinaoshwa, dada. Nakiosha mwenyewe."

"Karanga umezitoa wapi?"

"Sikutia karanga, dada. Ila jirani yangu wa kushoto alipita asubuhi, akanisalimia, na amezoea kutafuna karanga." Kanga akainamisha kichwa, akapanga vifurushi vyake vizuri. "Huenda."

Kuchakuro akamtazama Kanga. Kanga akatazama chungu. Huenda anadanganya, Kuchakuro akawaza. Na huenda hadanganyi. Akitaka kumwita mwongo mbele za watu, itabidi aeleze amejuaje kwamba kishada kinaweza kusema uongo. Akasimama pale mate yanamjaa mdomoni, hamu imemshika, mkono umeinuka nusu, na hakula. Ndipo alipokijua kile chakula alichompa Kiboko. Akaushusha mkono akaenda zake porini, akafukua mbegu mwenyewe, akamenya mwenyewe, akala mwenyewe, na kila mkimwona kuchakuro ameshika kitu kwa mikono miwili anakigeuza na kukigeuza kabla ya kutia jino, mjue anatafuta nusu ganda.

Haya, funzo. Hadithi bila funzo ni uvivu wa msimulizi. Funzo ni hili: wenzangu, shikeni kamba kabla ya kushika tonge. Someni kishada, kiaminini kishada, maana kishada hakijawahi kumdanganya mtu tangu dunia iumbwe. Mnabisha? Kamwulizeni Kiboko. Atawaapia, na nyasi mdomoni.

Nimefunga jani, nimefunga kamba. Ikikunoga ni yako, kula. Ikikuwasha usinitazame mimi, jikune.